Dogo alitaka kumzika baba aliye hai ili apate mkopo!

Mpenzi msomaji, leo naomba tuyaweke kando kidogo yale mambo yetu ya mapenzi na vituko vya kwenye harusi. Nina kisa cha nyumbani kwetu kabisa, na katika kisa hiki mwenye aibu si mmoja. Hata mimi ninayekuandikia sikutoka salama. Twende taratibu, utanielewa.

Ilikuwa Julai 2023, matokeo ya kidato cha sita ndiyo kwanza yametoka. Alfajiri na mapema simu yangu ikaita, kuangalia, mama mdogo wa Mbagala. Mama mdogo akipiga simu alfajiri huwa kuna mawili, msiba au hela. Safari hii ilikuwa vigelegele! Dogo, kitinda mimba wake, amefaulu vizuri na anataka kusomea ualimu wa sayansi chuo kikuu.

“Hongera mama mdogo!” nikasema.

“Hongera tumepeana mwanangu,” akajibu, “sasa habari ya ada je?”

Hapo nikaamka vizuri. Mama mdogo anakaanga chapati na kupika maharage pale nje kwake, wateja wake ni makonda na mafundi gereji. Mume wake, yaani baba yake Dogo, aliaga mwaka 2011 kwamba anakwenda Geita kutafuta maisha migodini. Aliondoka na begi moja na redio. Tangu hapo ni tetesi tu. Mara ameonekana Kahama, mara ana mke na watoto wengine. Senti tano haijawahi kurudi.

Nikamwambia mama mdogo asiwe na wasiwasi, kuna mkopo wa serikali. “Mlete Dogo kwangu Kinondoni, mimi nimepitia huko, nitamwelekeza.” Si unajua sisi tuliosoma tunavyopenda kujifanya wajuaji!

Dogo akaja na bahasha ya kaki imejaa makaratasi. Tukakaa kitandani, maana chumba changu ni kimoja na kochi ni kitanda hicho hicho. Nikaanza kumpa somo.

Nikamwambia hivi, Dogo, wazee wetu waliosoma Mlimani miaka ya 1970 walikuwa wanasomeshwa na serikali, ada, kulala na kula. Miaka ya 1990 mambo yakabadilika, ukaja mpango wa kuchangia gharama, na kuanzia 1994 serikali ikaanza kuwakopesha wanafunzi. Halafu Bunge likatunga sheria mwaka 2004 ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na mwaka 2005 Bodi ikaanza kazi. Kwa hiyo hizo si hela za bure, ni deni. Ila ni deni linalomtoa mtoto wa muuza chapati Mbagala na kumweka darasa moja na mtoto wa bosi wa Masaki.

Akauliza, “Sasa dada, wanatoa za nini na nini?”

Nikamhesabia kwa vidole. Kuna chakula na malazi, kuna ada, kuna vitabu na viandikwa, kuna mahitaji maalumu ya kitivo kwa wanaosoma fani kama udaktari, kuna mafunzo kwa vitendo, kuna utafiti. Ile ya chakula na malazi ndiyo wanafunzi wanaiita bumu. Kabla ya 2022 ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ikapandishwa kuwa 10,000. Ikitoka ya siku 60 kwa mkupuo unakamata laki sita. Dogo macho yakamtoka! Nikamwambia tulia, laki sita ya miezi miwili ukiifanya ya wiki mbili utakula ugali na chumvi.

Haya, tukafika kwenye makaratasi, na hapa ewe unayejiandaa kuomba, tega sikio. Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo wake na tarehe zake, huo wa mwaka wako ndiyo usome, usisome wa kaka yako. Lakini mambo ya msingi ni haya. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na kwa wenzetu wa Zanzibar wanayo mamlaka yao ya usajili. Wengi wanadhani kuwa na cheti inatosha. Haitoshi! Wengine hawana hata cheti, wana lile tangazo la kizazi la hospitali tu, wanakuja kushtuka dirisha limefunguliwa. Shughulikia mapema ukiwa bado shule.

Cha pili ni namba ya mtihani ya kidato cha nne. Hiyo ndiyo utambulisho wako, na jina unalojaza liwe lile lile la kwenye mtihani huo. Kama cheti kinasema Musa na mtihani unasema Mussa, hiyo S moja itakupeleka kwa mwanasheria. Cha tatu ni mdhamini, picha yake na kitambulisho chake. Halafu maombi yenyewe unajaza kwenye mtandao wa Bodi, unalipia kwa namba ya malipo (mwaka ule ilikuwa shilingi 30,000 na haina kurudishiwa), unachapa fomu, unakwenda nayo serikali ya mtaa ikapigwe muhuri, unakwenda kwa wakili au hakimu, mdhamini anasaini, wewe unasaini, unaskani, unarudisha mtandaoni. Na ujue kuwa kuomba chuo ni kitu kingine kabisa, unaomba kivyake.

Dogo akaandika yote kwenye daftari. Nikampa shilingi 40,000, nikamwambia nenda steshenari ukajaze. Nami nikaenda kwenye mishemishe zangu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, msomaji. Kumbe kijana wa miaka 19 hatumwi peke yake kwenye jambo kama lile.

Jioni akarudi kimya. Nikamuuliza vipi, akasema hajamaliza, kuna kipengele kimoja kinamsumbua. Kipengele gani? Akawa anazunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwisho akatoboa.

Yule jamaa wa steshenari alipofika mahali pa kujaza habari za wazazi, alimuuliza, “Mzee wako yupo?” Dogo akajibu yupo ila hayupo. Jamaa akacheka, akamwambia, “Sasa mdogo wangu, unajichelewesha. Yatima ndiyo wanapewa kipaumbele. Mwandike mzee kafariki. Cheti cha kifo kuna mshikaji wangu anakutengenezea, elfu themanini tu, hakuna atakayejua.”

“Na wewe ukasemaje?” nikamuuliza.

Dogo akainamisha kichwa. “Nilimwambia nitaleta hela kesho.”

Nilitaka kufoka, lakini alivyoinua uso sikuweza. Akaniambia, “Kwani dada, uongo uko wapi? Miaka 12 simuoni. Sijawahi kumuona kwenye kikao cha shule, sijawahi kuvaa kiatu chake. Wenzangu waliofiwa na baba zao wanapewa mkopo na wanaonewa huruma. Mimi wangu amenikimbia, sipewi mkopo na huruma sipewi. Bora afe tu kwenye karatasi, anisaidie mara moja.”

Mpenzi msomaji, wewe ungemjibu nini? Mimi nilikwenda dukani kununua vocha ambayo sikuwa na haja nayo.

Niliporudi nikamueleza ya kisheria kwanza, maana ndiyo rahisi. Cheti cha kifo nacho kinahakikiwa RITA, kama kile cha kuzaliwa. Hakimo kwenye vitabu vyao, umeumbuka. Kutoa taarifa za uongo ili upate mkopo ni kosa la jinai, unaweza kukosa mkopo na ukapata kesi. Na huyo mtengeneza vyeti siku akikamatwa, daftari lake la wateja litakuwa na jina lako. Ukitaka kuwa mwalimu, utaanzaje kazi kwa cheti cha kugushi?

Dogo akaitikia, “Sawa dada,” ila ile sawa ya kufukuza mazungumzo. Nikaona hapa panahitaji mwenye mamlaka. Jumapili tukapanda daladala mpaka Mbagala.

Nilidhani mama mdogo atalia au atampiga mtu kwa mwiko. Wala! Aliendelea kusukuma chapati mpaka nikamaliza kueleza. Kisha akapangusa mikono kwenye khanga, akamtazama mwanawe.

“Baba yako hakufa,” akasema. “Alikimbia. Ni vitu viwili tofauti, na mimi ndiye ninayejua tofauti yake. Ukimzika kwenye karatasi, unanifanya mimi mjane wa uongo. Nitawaambia nini majirani, nikae eda? Mimi nimekulea na mume yu hai, kwa hizi chapati. Andika hivyo hivyo ilivyo, isije kazi yangu ikaonekana kaifanya marehemu.”

Kimya! Hata yule konda aliyekuwa anakula alisimamisha kijiko.

Halafu mama mdogo akafungua pindo la khanga, akatoa kipande cha karatasi kimechakaa. Namba ya simu. Kumbe anayo! Alipewa na shemeji yake miaka miwili nyuma na hakuwahi kuipiga. Akampa Dogo. “Ukitaka kuhakikisha kama amekufa, piga.”

Dogo akatoka nje ya uzio. Tukasikia sauti yake tu, kwanza juu, halafu chini. Dakika nne hazikufika. Aliporudi macho mekundu, akasema, “Yupo. Kaniuliza nina miaka mingapi.” Akachukua chapati, akaanza kula. Hatukumuuliza zaidi. Siku mbili baadaye simu ya Dogo ikaingia shilingi 15,000 kutoka namba ile. Nusu ya hela ya maombi. Mimi nilitaka kusonya, mama mdogo akanikataza.

Basi, tukarudi kwenye fomu. Tukajaza kweli tupu. Baba yu hai, hatoi matunzo, kazi ya mama ni kuuza chakula. Dogo alitaka kuandika “mfanyabiashara” ili lionekane neno zito. Nikamwambia mdogo wangu, hii fomu siyo barua ya posa, usijipambe! Wanaosoma wanapima uwezo wa familia, ukijiita mfanyabiashara wanaweza kudhani una duka Kariakoo. Ofisi ya serikali ya mtaa wanamjua mama mdogo, wengine ni wateja wake, wakagonga muhuri.

Ikabaki nafasi ya mdhamini. Mama mdogo akasema, “Dada mtu utasaini wewe, wewe ndiye msomi wetu.” Dogo akanisogezea kalamu. Halafu, bila nia mbaya, mtoto akauliza mbele ya watu:

“Dada, kwani wewe wako ulishamaliza kulipa?”

Msomaji, jasho lilinitoka mpaka nyuma ya masikio. Nikazuga natafuta simu kwenye mkoba.

Ukweli ni huu. Mimi nilimaliza chuo 2012, nilisoma kwa mkopo kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Nikaajiriwa 2013, wakawa wananikata. Siku hizo ilikuwa asilimia 8 ya mshahara, ilikuja kupandishwa kuwa asilimia 15 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Baada ya miezi 14 nikaacha kazi, nikajiajiri, huku nikiandika andika na huku nauza nguo. Ukiwa umeajiriwa mwajiri anakata na kupeleka. Ukijiajiri unatakiwa ujipeleke mwenyewe. Na mimi, mpenzi msomaji, sikujipeleka. Niliingia mitini! Miaka tisa nilikuwa nikisikia neno Bodi kwenye redio nabadilisha stesheni.

Yaani ndiyo mimi niliyekuwa namhubiria mtoto asidanganye! Yeye alitaka kumficha baba kaburini, mimi nimelificha deni uvunguni. Na yule mzee wa Kahama anayewakimbia wanaomtegemea, nikajiona tunafanana naye kidogo. Maana hela nisiyorudisha mimi ndiyo anayotakiwa kukopeshwa Dogo. Bodi hukusanya kwetu tuliokopeshwa tangu enzi za 1994 ili kuwakopesha hawa wapya.

Nikamjibu, “Bado. Nilianza, nikaacha.” Mama mdogo akanitazama lile jicho lake, halafu akaendelea kugeuza chapati. Afadhali angenitukana.

Usiku ule sikulala. Kesho yake nikajikaza, nikaomba taarifa ya deni langu. Nilitegemea kuzimia, maana nilikuwa nimesikia stori za madeni yaliyonenepa. Kumbe ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka kulinda thamani ya fedha ilifutwa mwaka 2021, na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa ikafutwa mwaka huo huo. Nilikuta milioni tano na ushee. Nyingi, ndiyo, lakini ni namba. Kitu chenye namba unaweza kukigawanya kwa miezi. Nikalipa laki moja ya kwanza, nikapiga picha risiti, nikaenda nayo Mbagala, ndipo nikasaini udhamini.

Unadhani kisa kimeisha? Hata! Dogo akarudisha fomu mtandaoni, tukakaa kusubiri. Majina ya awamu ya kwanza yakatoka, la kwake halimo. Mama mdogo akaacha kupika siku mbili. Dogo akaanza kusema, “Si niliwaambia? Ningemzika yule mzee saa hizi ningekuwa namo.” Hata mimi, nikiri, moyo uliyumba.

Tukaingia kwenye akaunti yake. Kumbe tatizo halikuwa baba wala chapati. Ukurasa mmoja wa sahihi ulikuwa haujapanda vizuri, na nafasi ya kurekebisha ilikuwa imetolewa. Kwa nini hatukujua? Kwa sababu yule jamaa wa steshenari, siku ile ya kwanza, alijaza namba yake ya simu na kutunza neno la siri yeye mwenyewe. Ujumbe ulikuwa unaingia kwake! Tulimkuta anakula mihogo, akasema eti alisahau kutuambia. Nikamwangalia nikasema Mungu yupo. Huyu ndiye tulitaka kumkabidhi elfu themanini na heshima ya familia.

Kwa hiyo nawe shika hili kuliko yote. Steshenari ni mahali pa kuchapa na kuskani, si mahali pa kuacha maisha yako. Weka namba yako ya simu mwenyewe, neno la siri lijue wewe, na kila siku chache ingia uangalie akaunti yako. Na ukikosa awamu ya kwanza usijinyonge, kuna awamu nyingine, na baadaye hufunguliwa dirisha la rufaa kwa wasioridhika.

Tukarekebisha. Awamu iliyofuata jina la Dogo likawemo! Alipewa chakula na malazi, na ada akapewa sehemu tu, si yote. Iliyobaki mama mdogo alikopa kwenye kikoba chake, nami nikauza viatu vyangu viwili vya sendofu. Chuoni nako nikamkumbusha kuwa hela haiji yenyewe, kuna kusaini kila mkupuo unapotoka, na ukizubaa unabaki unatazama wenzio wakinunua chipsi kuku.

Bumu lake la kwanza lilipoingia alikuja Kinondoni na mfuko wa rambo. Ndani kuna khanga doti moja ya mama yake na kilo mbili za mchele wangu. Nikamwambia Dogo, hiyo ni hela ya kula, siyo ya zawadi. Akasema, “Najua dada, nimepunguza chipsi.” Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amemtumia na yule mzee wa Kahama meseji, kumjulisha kuwa ameanza chuo. Hakujibiwa, lakini hakuonekana kununa. Aliniambia tu, “Angalau nimemwandikia mtu aliye hai.”

Na mimi? Naendelea kulipa. Kuna mwezi natoa laki, kuna mwezi biashara ikinuna natoa pungufu na kujilaumu. Lakini redio ikitaja Bodi siku hizi sibadilishi stesheni.

Kama nawe una karatasi uvunguni, ewe msomaji, itoe iangaliwe. Na kama una mdogo wako anayeomba mkopo, usimpe hela ya steshenari halafu ukaenda kwenye mishemishe zako kama nilivyofanya mimi. Kaa naye.

Haya, chapati zimeiva, mama mdogo ananiita. Tukijaaliwa tuonane wiki ijayo tuendelee na ile kesi ya bwana harusi wa Temeke na suti ya kuazima. Kwaheri ya kuonana!